Kiti Kisicho na Wadi

Jina la Kabianga huenda lisiwe geni kwa baadhi ya wasomaji wetu. Ni wadi iliyomo katika eneo bunge la Belgut, kaunti ya Kericho, nchi ya vilima vya kijani na mvua za alasiri, na ndiko kilipo Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka 2013. Safari hii hatutazungumzia chuo wala ubora wa majani ya chai. Tumeichagua Kabianga ili tutazame kazi ambayo watu wengi huidharau kabla ya kuijua, nayo ni kazi ya mjumbe wa bunge la kaunti aliyeingia kwa kuteuliwa.

Kaunti ya Kericho ina wadi 30, sawasawa na Mombasa. Kabianga humchagua mwakilishi wake kwa kura, na wadi nyingine 29 hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo, bunge la Kericho lina wajumbe 47. Hao 17 waliozidi hawakupigiwa kura na mtu yeyote kwa majina yao. Wameingia kwa Kifungu cha 177 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na kinachowatengea nafasi watu wenye ulemavu, vijana na jamii zilizosukumwa pembeni. Vyama huwasilisha orodha za majina kabla ya uchaguzi, kisha viti hugawanywa kwa kadiri ya wadi ambazo kila chama kimeshinda katika kaunti hiyo. Kwa kuwa wanaume ndio wanaoshinda wadi nyingi, sehemu kubwa ya viti hivi huwaangukia wanawake.

Hapo ndipo dharau inapoanzia. Mwanamke aliyeteuliwa huulizwa barazani, "Wewe umechaguliwa na nani?" Wako waliowabandika jina la zile alama za bure ambazo kampuni ya simu humzawadia mteja wake. Tunaliona jina hilo kuwa ni utovu wa adabu, na pia ni kosa la hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa Oktoba 2024 bunge la Kericho lilipiga kura ya kumwondoa gavana, Dkt. Erick Mutai. Waliounga mkono walikuwa 31. Sheria inataka theluthi mbili ya wajumbe wote, na theluthi mbili ya 47 ni 31 na sehemu. Je, sehemu ya mtu hupiga kura? Seneti ilipoletewa shauri hilo iliona kwamba kiwango hakikufikiwa, na gavana akabaki ofisini. Kura moja tu ilipungua. Agosti 2025 bunge lile lile lilirudi na hesabu ya kura 33, nayo ikapingwa vikali, na Seneti ikamwacha gavana kwa mara ya pili. Hatuandiki haya ili kumhukumu gavana au kumtetea. Tunachosema ni kwamba katika chumba kile kura ya mjumbe aliyeteuliwa ilikuwa na uzito ule ule wa kura ya mwakilishi wa Kabianga, na kama yeyote kati ya wale 17 alidhani kuwa yeye ni pambo, siku hiyo alijifunza.

Kuna na jambo lililo karibu zaidi na shamba. Kericho ina shamba la chai la Kabianga, mali ya serikali ya kaunti yenyewe. Mapato yake, mikataba yake na wanaoajiriwa humo ni mambo ya bunge la kaunti kuyauliza. Tena Februari 2023 filamu ya uchunguzi ya BBC iliwaonyesha walimwengu jinsi wanawake katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho walivyodaiwa miili yao na wasimamizi ili wapewe kazi. Wasomaji wetu wenye mabinti wanajua uzito wa habari hiyo. Mchuma chai aliyedhulumiwa hivyo atamwendea nani? Si rahisi kwake kusimama mbele ya baraza la wanaume na kulisema. Mjumbe mwanamke, hata asiye na wadi, anaweza kumpokea chemba, kisha akalipeleka shauri katika kamati bila kumtaja jina. Hatudai kwamba kila mteule hufanya hivyo. Wengine huingia na kutoka baada ya miaka 5 pasi na kuacha hata swali moja katika kumbukumbu za bunge.

Uteuzi si jambo geni katika nchi hii. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na kwa miaka mingi wananchi hawakuwa na kura humo. Huku kwetu Pwani, Sir Ali bin Salim, Liwali aliyejulikana sana Mombasa, alikaa barazani kwa kuteuliwa, akiwasemea Waarabu. Waafrika walisemewa na wamisionari wa Kizungu hadi Oktoba 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu. Mwaka 1955 mwalimu mmoja kutoka Baringo, Daniel arap Moi, aliingia barazani bila ya kura ya umma. Machi 1957 alirudi kwa kura, na tangu 1978 hadi 2002 alikuwa Rais. Mtu anaweza kumpenda Moi au kumlaumu, lakini hawezi kusema kuwa mlango alioingilia ulikuwa mdogo.

Wanawake nao wameupitia. Sophia Abdi Noor aliteuliwa Bungeni baada ya uchaguzi wa 2007, na mwaka 2017 akashinda kiti cha Ijara, Garissa, katika jamii ya Kiislamu ambamo wengi hawakudhani jambo hilo lingewezekana. Naisula Lesuuda aliteuliwa Seneti mwaka 2013, kisha mwaka 2017 watu wa Samburu Magharibi wakamchagua kuwa mbunge wao.

Kwetu sisi Waislamu liko fundisho linalogusa uteuzi moja kwa moja. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo peke yake, na anayepewa bila ya kuuomba husaidiwa. Ukilipima kwa hadithi hii, kiti cha kuteuliwa kingepaswa kuwa ndicho kisafi kuliko vyote. Kwa bahati mbaya, wanaojua milango ya vyama wanajua jinsi majina yanavyobembelezewa usiku, na jinsi jina la mtoto wa fulani linavyopanda juu ya jina la mama aliyekitumikia chama miaka 10. Na anayedhani kwamba rai ya mwanamke haina mahali katika mambo ya umma aisome upya habari ya Hudaybiya, pale Mtume (S.A.W.) alipoifuata rai ya Ummu Salama na watu wakatii.

Sheria ya Serikali za Kaunti inavitaka vyama viangalie pia utamaduni mbalimbali wa kaunti na haki za walio wachache. Waislamu wa Kericho ni wachache, kama walivyo wachache baadhi ya jirani zetu huku Pwani katika kaunti zao. Kifungu hicho kinawahusu wote.

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika Agosti 2027. Vyama vitatakiwa kuwasilisha orodha zao kwa Tume ya Uchaguzi si chini ya siku 45 kabla ya kura, na Tume huzitangaza magazetini. Orodha ikishapita haibadilishwi kwa muda wote wa bunge, na anayelalamika baadaye huambiwa amechelewa. Akina mama wanaotaka jina la mwenzao liwemo, Mombasa, Lamu au Kabianga, wahakikishe kwanza kwamba ameandikishwa kuwa mwanachama, na waanze kulisemea ndani ya chama sasa, wakati orodha hazijaandikwa.