Yai Moja, Viumbe Wawili

Katika majadiliano juu ya mwanzo wa uhai, wengi wetu husema kana kwamba kiumbe kizima kimo tayari ndani ya mbegu, kikisubiri kukua tu. Dhana hiyo ni ya zamani. Baada ya Antoni van Leeuwenhoek kuziona mbegu za kiume kwa hadubini mwaka 1677, walikuwako waliofundisha kwamba ndani ya kila mbegu mmejikunja mtu mdogo. Wengine walimweka ndani ya yai, hata wakasema kwamba wanadamu wote walikuwamo mwilini mwa Hawa, kizazi ndani ya kizazi. Fundisho hilo liliwapendeza baadhi ya wacha Mungu, pengine kupita kiasi, kwa kuwa lilimwachia Muumba kazi moja tu, ile ya siku za mwanzo. Lakini mwaka 1768 Caspar Friedrich Wolff, akichunguza mayai ya kuku, alionyesha kwamba utumbo wa kifaranga haumo tangu mwanzo, bali hufanyika kwa tabaka bapa linalojikunja.

Utungisho wenyewe ulionekana vizuri kwa mnyama wa baharini, yule wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, ambaye wavuvi hujihadhari naye wapitapo miambani. Jike humwaga mayai majini na dume mbegu zake, basi kila jambo huweza kutazamwa nje ya mwili wa mama. Mwaka 1876 Oscar Hertwig alieleza jinsi kiini cha mbegu na kiini cha yai vinavyosogeleana na kuungana. Mbegu moja tu ndiyo hupokelewa: mara iingiapo, hali ya umeme katika utando wa yai hugeuka kwa muda wa sekunde chache, kisha utando mwingine huinuka kulizunguka yai, na mbegu zilizochelewa hubaki nje. Baadaye yai hugawanyika seli mbili, nne, nane, mpaka kuwa mpira wenye uwazi ndani, uitwao bilastula. Upande mmoja wa mpira hubonyea, na hivyo hupatikana matabaka matatu: la nje la ngozi na neva, la ndani la utumbo, na la kati ambalo kwetu sisi hutoa misuli, mifupa na damu.

Mwaka 1888 Wilhelm Roux alichoma kwa sindano ya moto seli moja kati ya mbili za kwanza za yai la chura. Iliyosalia ikatoa nusu ya kiinitete. Ikaonekana kwamba kila seli imekwisha kuandikiwa fungu lake. Miaka mitatu baadaye, huko Trieste, Hans Driesch alizitenga seli mbili za mnyama wa miiba kwa kuzitikisa katika maji ya bahari. Badala ya nusu mbili, alipata viumbe wawili kamili, ila wadogo. Roux aliiacha seli iliyokufa imeshikamana na iliyo hai, J. F. McClendon alipoiondoa kabisa, mwaka 1910, chura naye alitoa mwili kamili. Driesch aliuliza ni mashine gani iwezayo kukatwa vipande viwili na kila kipande kikawa mashine nzima, na mwishowe akahamia falsafa. Leo twajua kwamba seli hupashana habari kwa kemikali, na kila moja hushika kazi kulingana na jirani zake.

Mapacha wa yai moja hutokea kwa njia iyo hiyo, na kwa mwanadamu mgawanyiko huo huwezekana mpaka karibu wiki ya pili. Ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya kamati ya Mary Warnock, Uingereza, mwaka 1984, kupendekeza siku 14 kuwa kikomo cha kuchunguza viinitete katika maabara. Wapinzani wake hujibu kwamba kitu kuweza kugawanyika hakuthibitishi kwamba hakikuwa kimoja kabla ya hapo, nami naona jibu hilo lina uzito. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli za shina kiliondoa kikomo hicho katika orodha ya makatazo yake, na suala likarudishwa kwa kila nchi kuliamua.