J.S. Ondara: Mkenya aliyefuata muziki hadi Minnesota

Kando ya ziwa Tanganyika, kutoka Uvira hadi Baraka na Fizi, familia nyingi ziko na ndugu Marekani. Wengi walipitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Maisha yao ya ugenini ndiyo anayoimba J.S. Ondara, kijana wa Nairobi anayepiga Americana, muziki wa Marekani uliozaliwa na nyimbo za vijijini, bluzi na nyimbo za kanisa.

Ondara alizaliwa mwaka wa 1992. Utotoni aliandika nyimbo bila ala yoyote, kwani familia yake haikuweza kununua gitaa. Siku moja alibishana na rafiki kuhusu mwenye wimbo Knockin' on Heaven's Door. Waliwekeana dau, akashindwa: ni wa Bob Dylan. Tangu hapo alimsikiliza Dylan bila kuchoka.

Mwaka wa 2013, baada ya kushinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, alihamia kwa shangazi yake Minneapolis, katika Minnesota, jimbo alikozaliwa Dylan. Huko ndiko alijifunza gitaa mwenyewe.

Albamu yake ya kwanza, Tales of America, ilitoka mwaka wa 2019 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya albamu bora ya Americana. Tuzo ilikwenda kwa Keb' Mo'. Kwa sauti ya juu na nyororo, Ondara anaisimulia Marekani kama mgeni: anaitamani, na pia anaiogopa. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, alitoa albamu nyingine kuhusu upweke wa watu waliofungiwa nyumbani.

Lakini Ondara si wa kwanza kutoka kwa wasema Kiswahili kufika katika muziki huo. Mwaka wa 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, akipiga Masanga. Mwaka wa 1969, Mwenda alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani, ambako Dylan pia alikuwa amepata jina. Mwenda hakuhitaji kuhama wala kuacha lugha yake. Gitaa lake la Katanga ndilo lililomfikisha huko.

Tofauti hiyo ina uzito leo. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi za Kivu ya Kusini zilizokuwa zinangoja safari zikabaki njiani. Kijana wa Kalundu au Mulongwe anayependa kuimba hawezi kutegemea viza. Ila Ondara alianza kuandika akiwa bado Nairobi, mikono mitupu, naye Mwenda aliitwa kwa sababu ya wimbo alioupiga nyumbani kwao.