Tembo wa mchana si yule wa shambani

KWA familia nyingi za vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, tembo ni mgeni wa usiku anayekuja kumaliza mahindi. Kumtazama mchana, akiwa na ndama wake na hana habari na mtu, ni jambo jingine kabisa.

Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, iko jirani. Kutoka Mugumu mjini huingiwa kwa lango la Ikoma. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Kinachoumiza mfuko ni gari, maana humo ndani hakuna kujitembelea kwa miguu. Familia zinazochangishana kukodi basi dogo hupata nafuu.

Wakati nao una maana. Anayetaka kuona nyumbu, ambao kwa jumla wanakadiriwa kuzidi milioni moja, wakivuka Mto Mara huku mamba wakiwasubiri, aende Kogatende kati ya Julai na Oktoba. Januari hadi Machi huwa mbali kusini, upande wa Ndutu, wakizaa.

Hata hivyo, nyumbu hawana ratiba. Kundi laweza kusimama ukingoni saa nzima, kisha likageuka bila hata mmoja kugusa maji. Watoto waelezwe hilo mapema, na chakula kiwe cha kutosha. Kundi likianza kushuka, gari lisisogezwe kuziba njia yao, sauti zishushwe, na mikono ya watoto ibaki ndani ya dirisha.