Madaftari Mengi, Kumbukumbu Moja: Kompyuta na Wizi wa Madukani

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii aghalabu hutumiwa kumhimiza mtu aweke akiba, lakini yaweza pia kueleza jinsi duka linavyofilisika. Mtu huingia dukani akatoka na kopo la maziwa ya unga chini ya koti. Kesho mwingine huondoka na paketi ya nyembe, na kesho kutwa mwingine na chupa ya manukato. Kila tukio likitazamwa peke yake ni dogo, hata mwenye duka huona afadhali anyamaze kuliko kupoteza nusu siku akiandikisha maelezo katika kituo cha polisi. Matukio hayo yakijumlishwa kwa mwaka mzima na kwa maduka yote ya mji, hasara huwa kubwa. Zaidi ya hayo, baadhi ya wezi huwatisha na hata kuwapiga wafanyakazi wanaojaribu kuwazuia.

Makala haya yanaeleza jinsi programu za kompyuta zinavyotumiwa kuunganisha maduka na polisi katika kupambana na tatizo hilo. Mfano wetu unatoka Nyuzilandi, ambako kampuni iitwayo Auror ilianzishwa katika mji wa Auckland mwaka 2012. Programu yake imeenea tangu hapo hadi Australia, Uingereza na Marekani. Tutatazama kwanza kanuni inayoipa nguvu, kisha tutaona kwamba kanuni hiyo hiyo ndiyo chanzo cha hatari zake.

Tatizo la madaftari yaliyotengana

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mji mmoja yapo maduka matatu, na kila duka lina daftari lake la matukio. Daftari la kwanza linasema kwamba siku ya Jumatatu mtu mrefu mwenye kofia aliiba nyama akakimbilia gari jeupe. La pili linasema kwamba siku ya Jumatano mtu mwenye kofia aliiba vipodozi, na namba ya gari lake ikaonekana nusu. La tatu linasema kwamba siku ya Ijumaa gari jeupe lilionekana nje ya duka baada ya chupa kadhaa za mafuta kutoweka, na namba yake ikanakiliwa yote. Kila mwenye duka anajua wizi mmoja tu. Ni yule atakayesoma madaftari yote matatu ndiye atakayetambua kwamba huenda mhusika ni mmoja.

Kwa nini basi wenye maduka wasipashane habari kwa simu? Hisabati inatupa jibu. Ikiwa maduka ni matatu, njia za mawasiliano baina ya duka na duka ni 3. Yakiwa 10, njia ni 45. Yakiwa 100, njia hufikia 4,950. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha hesabu hii kwa kuzidisha idadi ya maduka kwa idadi hiyo iliyopunguzwa moja, kisha kugawanya kwa mbili. Lakini kama kila duka litapeleka habari zake mahali pamoja tu, maduka 100 yatahitaji njia 100. Hiyo ndiyo faida ya kumbukumbu moja inayotumiwa na wengi.

Jinsi programu inavyofanya kazi

Kazi ya programu ya namna hii yaweza kugawanywa katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Mfanyakazi wa duka hufungua fomu katika kompyuta au simu, akajaza siku, saa, mahali, vitu vilivyoibwa na thamani yake, sura na mavazi ya mtu aliyeonekana, na namba ya gari kama ilipatikana. Huambatanisha picha zilizopigwa na kamera za dukani.

Hatua ya pili ni kupanga. Kwa kuwa maswali ya fomu ni yale yale kwa maduka yote, majibu hukaa katika mafungu yanayoweza kulinganishwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo msingi wa kazi yote. Ikiwa mmoja ataandika “pikapu”, wa pili “gari dogo la mizigo”, na wa tatu asiandike lolote, kompyuta haitakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya tatu ni kuunganisha. Programu hutafuta mahali ambapo taarifa mbili zinafanana, kama vile namba moja ya gari kutokea katika matukio mawili ya miji mbalimbali. Hapa hapana budi tukumbuke kwamba kompyuta haijui nani ni mwizi. Inaonyesha kufanana tu. Kuamua ni wajibu wa binadamu.

Hatua ya nne ni kupeleka. Polisi hupokea taarifa iliyokamilika pamoja na picha zake, badala ya kumtuma askari kwenda kuandika maelezo upya. Wakati huo huo maduka mengine yanaweza kutahadharishwa kwamba mtu mwenye kuwatisha wafanyakazi ameonekana katika eneo lao.

Wachache wenye makosa mengi

Kampuni ya Auror husema kwamba takriban asilimia 10 ya wahalifu ndio wanaosababisha asilimia 60 ya uhalifu wa madukani. Tuifasiri takwimu hiyo kwa mfano rahisi. Tuseme watu 100 wamefanya matukio 1,000. Kati yao watu 10 watakuwa wamefanya matukio 600, yaani wastani wa matukio 60 kila mmoja, ilhali 90 waliobaki watagawana matukio 400, ambayo hayafiki hata 5 kwa kila mtu. Ikiwa hali ni hiyo, polisi watapata manufaa makubwa kwa kuwashughulikia wale 10 kwanza, nao hawawezi kuwatambua pasipo kuyaunganisha madaftari.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi aisome takwimu hiyo kwa uangalifu. Inatoka kwa kampuni inayouza programu, na msingi wake ni matukio yaliyoripotiwa tu. Mwizi ambaye hajaonekana na mtu yeyote hamo katika hesabu.

Kosa nalo husafiri

Tumeona kwamba taarifa iliyoandikwa mara moja huweza kufika kila mahali. Je, ikiwa taarifa hiyo si ya kweli? Nayo pia itafika kila mahali, kwa wepesi ule ule.

Hatari ya kwanza inatokana na matumizi mabaya. Nyuzilandi zimo kamera zinazosoma namba za magari na kulinganisha kila namba na orodha ya magari yanayotafutwa. Mwezi Oktoba mwaka 2021, wakati wa masharti ya kuzuia UVIKO-19, polisi waliwatafuta wanawake waliosemekana kwamba walisafiri kwenda jimbo la Northland kinyume cha masharti hayo. Ili kamera zilifuatilie gari lao, liliandikishwa kuwa gari la wizi, ingawa halikuwa limeibwa. Habari hizo zilifichuka mwaka 2022 na kuzusha malalamiko. Chombo chenyewe hakikuharibika. Kilifanya kama kilivyoamriwa. Uongo ulikuwa katika neno moja lililoandikwa na binadamu.

Hatari ya pili ni ya kufananisha watu wasio na hatia. Ili tuipime kwa tarakimu, tutazame chombo kingine cha jamii hii, ingawa si sehemu ya programu tuliyoieleza. Mwaka 2024, maduka makubwa 25 katika Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi yalijaribu kwa muda wa miezi 6 kamera zinazotambua nyuso za watu waliopigwa marufuku kuingia madukani humo. Mwezi Aprili mwaka huo, katika mji wa Rotorua, mwanamke aliyekwenda kununua mahitaji yake alidhaniwa kuwa mmoja wa watu hao. Baadaye aliombwa radhi, na ilielezwa kwamba kosa lilikuwa la kibinadamu.

Kamishna wa Faragha wa nchi hiyo alilichunguza jaribio hilo, na mwezi Juni mwaka 2025 akatangaza kwamba lilifuata sheria, kwa sababu ya tahadhari zilizowekwa. Nyuso zilipimwa mara 225,972,004, na takriban picha zote zilifutwa katika muda usiozidi dakika moja. Kamera zilitoa tahadhari 1,742, na kati ya hizo 1,208 zilithibitishwa na wafanyakazi. Kwa hiyo tahadhari 534 hazikuthibitishwa. Ukizigawanya kwa idadi ya nyuso zilizopimwa, utapata kasoro ya takriban 2 kwa kila milioni, nawe utasema kwamba chombo hiki ni sahihi mno. Ukizigawanya kwa idadi ya tahadhari, utaona kwamba karibu 3 katika kila 10 hazikupata uthibitisho. Hesabu zote mbili ni sahihi. Lakini kwa mtu aliyesimamishwa mlangoni mbele ya majirani zake, ya pili ndiyo yenye maana.

Sheria na darasa

Kutokana na hatari hizo, Sheria ya Faragha ya Nyuzilandi ya mwaka 2020 ina kanuni 13. Miongoni mwake ni kwamba taarifa ya mtu ihakikishwe kabla ya kutumiwa, isitumiwe kwa lengo lisilokusudiwa, na mhusika apewe haki ya kuiona na kuomba isahihishwe. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Basi mwenye duka wa kwetu atakayependa kutumia programu kama hii atakuta sheria imekwisha kumtangulia.

Mwalimu anaweza kulionyesha somo hili darasani pasipo kompyuta. Awagawe wanafunzi katika vikundi vitano, kila kikundi kiwe duka na kipewe karatasi nne za matukio ya kubuni, baadhi yake yakiwa ya mtu mmoja. Kwanza vikundi vijaribu kumtambua mtu huyo bila kushauriana. Kisha karatasi zote zibandikwe ubaoni, na wanafunzi wahesabu dakika walizotumia kumpata. Mwishowe mwalimu atie karatasi moja ya uongo, yenye namba ya gari la mtu asiye na kosa, kisha aulize maswali matatu: ni vikundi vingapi vilivyomshuku mtu huyo? Nani angeweza kuligundua kosa? Na mshukiwa mwenyewe angepitia mlango gani ili jina lake lisafishwe?