Chuo Kilichozaliwa Kando ya Soko

Kijana mmoja wa hapa kwetu Unguja, aliyekwenda Hispania kujifunza Kihispania, alitutembelea aliporudi likizo, akatusimulia habari za mji wa Salamanca. Mji huo una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218, na wageni wa mataifa mengi huuendea kwa ajili ya kujifunza lugha. Walimu wao waliwapeleka kuutazama ukuta wa mbele wa chuo hicho, uliojaa nakshi za mawe, wakatakiwa wamtafute chura mdogo aliyechongwa juu ya fuvu la kichwa. Lakini kilichomkaa kijana huyu moyoni si chura, bali mzee muuza matunda. Kila alipokwama kusema, mzee yule hakumkimbilia kwa Kiingereza. Alimngojea, akamtamkia neno, akamtaka alirudie, ndipo akampimia machungwa yake.

Kisha akatuuliza: "Je, wazee wetu, mgeni anayejifunza Kiswahili kwetu, nani anamngojea?"

Swali hilo tulivuka nalo bahari tulipokwenda Dar es Salaam kwa shughuli zetu. Tulifuatana na kijana huyo, pamoja na rafiki yake Mhispania anayesoma Kiswahili hapa Unguja. Tulitoka bandarini kwa miguu, tukaufuata Mtaa wa Samora, tukaibukia viwanja vya Mnazi Mmoja. Hapo ndipo ulipo Mtaa wa Lumumba, mpakani mwa mjini na Kariakoo.

Tuliwaambia vijana wetu wasimame. Mtaa huu zamani ukiitwa New Street, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954. Mtaani humo humo, tarehe 25 Oktoba, 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa chuo kikuu cha kwanza cha nchi, katika jengo la chama hicho. Wanafunzi hawakufika 15, na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Wengi wanaijua Mlimani; wachache hukumbuka kwamba elimu ya juu ya nchi hii ilianza katika nyumba ya kuazima, sauti za sokoni zikisikika dirishani.

Kutoka hapo tuliingia Kariakoo. Jina lenyewe ni somo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa jeshi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho wananchi wakalitafuna mpaka likawa Kariakoo. Jengo kubwa la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Likashikwa na moto Julai 2021, kisha likafanyiwa ukarabati. Pembezoni mwake kuna mitaa inayotuhusu sisi watu wa visiwani: Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Mafia, na Mtaa wa Swahili wenyewe.

Mgeni wetu alitaka kununua nazi. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa bado yamejaa jina la viwanja tulivyopita, alimwambia mama muuzaji: "Nataka mnazi mmoja." Mama akaangua kicheko. "Mnazi Mmoja umeshaupita, mwanangu. Hapa pana nazi. Sema nazi." Kijana akasema nazi. Akaulizwa ngapi, akajibu, akaomba apunguziwe, akapunguziwa. Kwa dakika tano alipata somo la ngeli ambalo hatalisahau maisha yake.

Naye akatufundisha yake. Sukari kwao ni azúcar. Zeituni ni aceituna. Meya wao humwita alcalde, na asili ya neno hilo ni kadhi. Hata yetu ndiyo hasta yao, na pale tunapoomba kwa kusema inshallah, wao wana neno ojalá lililotoka katika dua ya namna hiyo hiyo. Sisi tuliokaa juu ya mkeka chuoni utotoni mwetu, tukisoma juzuu kwa maalimu, hatukuhitaji kufasiriwa. Kiarabu kilikaa Hispania karne nyingi, tangu mwaka 711, na kilikaa pwani yetu pia. Kote kuwili wananchi wakachukua walichokihitaji, wakakifanya chao. Lugha haipungui hadhi kwa kuazima. Hupungua hadhi wenyewe wanapoionea haya.

Na haya hiyo tuliiona siku hiyo hiyo. Katika ofisi moja mjini, ambayo hatutaitaja, mgeni wetu aliuliza jambo lake kwa Kiswahili safi. Karani akamjibu kwa Kiingereza. Kijana akauliza tena kwa Kiswahili. Akajibiwa kwa Kiingereza. Mara ya tatu akanyamaza, akatutazama. Hatuamini kwamba karani yule alikuwa na nia mbaya. Alidhani anamheshimu mgeni. Lakini hiyo ndiyo kasumba yenyewe: kudhani kwamba heshima kwa mgeni ni kumnyima kile alichokifuata.

Twapenda kusema kweli: hata Salamanca haikuipa lugha yake heshima kwa siku moja. Chuo kile kilifundisha kwa Kilatini kwa karne nyingi. Antonio de Nebrija alipotoa katika mji huo sarufi yake ya Kihispania mwaka 1492, chuo kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 270. Sisi nasi tumekwenda kwa hatua. Kiunguja, lahaja yetu ya visiwani, ilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wale wanafunzi wa Lumumba wa mwaka 1961 walisomeshwa sheria kwa Kiingereza. Ilichukua miaka 60, hadi mwaka 2021, kwa Bunge kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mwaka huo huo wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ile ile iliyozaliwa TANU katika mtaa ule.

Dunia imekwisha kutupa siku. Tunachodaiwa sisi ni mwenendo wa kila siku.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. Kwanza, vyuo vyetu vinavyowafundisha wageni Kiswahili, vya Unguja na vya Dar es Salaam, viwatoe wanafunzi madarasani, viwapeleke Lumumba wakaione historia, na Kariakoo wakaisikie lugha ikifanya kazi. Pili, watumishi wa Serikali wamjibu kwa Kiswahili kila anayewasemesha kwa Kiswahili, awe wa rangi yoyote, na wamsubiri anapokwama. Jambo hili halihitaji fungu katika bajeti. Tatu, vijana wetu wasiridhike na lugha moja ya kigeni. Madaktari wa Kikuba wamehudumu visiwani petu, na Ernesto Che Guevara, alipopitia Dar es Salaam mwaka 1965 kwenda Kongo, alikubali kuitwa Tatu na akajifunza Kiswahili porini. Kama msemaji wa Kihispania aliweza kujifunza lugha yetu vitani, kijana wetu hashindwi kujifunza yake wakati wa amani.

Tulirudi Unguja kwa boti ya jioni. Mgeni wetu alikuwa na nazi zake mfukoni, na daftari limejaa maneno ya sokoni. Ukurasa wa ile ofisi ulikuwa mtupu. Kijana aliyetuuliza swali hakulirudia tena, kwa sababu jibu alikwisha kuliona: yule mama wa Kariakoo anamngojea mgeni. Imebaki zamu ya sisi tuliokalia viti vya ofisi.