Kiungo dhaifu cha atomi chafichua siri ya migongano

LITHIAMU inafahamika na wengi kwa sababu ya betri za simu za mkononi. Kwa wanafizikia, hata hivyo, metali hii nyepesi ina sifa nyingine: kiungo dhaifu mno kati ya atomi zake mbili ndicho kilichoeleza ni kwa nini gesi yake, ikipozwa kupita kiasi, hukataa kukusanyika kwa wingi.

Lithiamu ni mojawapo ya metali za alkali, jamii moja na sodiamu iliyomo katika chumvi ya mezani, potasiamu, rubidiamu na sesiamu. Kila atomi ya jamii hii ina elektroni moja pekee katika tabaka lake la nje, na kwa hivyo tabia zake ni rahisi kuchunguzwa.

Atomi mbili za aina hii zinapokaribiana huvutana, na huenda zikawa molekuli. Uhusiano huo waweza kulinganishwa na kisima chenye vidato. Molekuli iliyo kwenye kidato cha chini kabisa imeshikamana barabara. Kadiri inavyopanda, ndivyo atomi zinavyozidi kuachana, na vidato navyo husongamana. Karibu na mdomo wa kisima kipo kidato cha mwisho, ambapo nguvu ndogo tu hutosha kuzitenganisha.

Mnamo 1970, Robert Le Roy na Richard Bernstein walichapisha kanuni ya hesabu inayoeleza jinsi vidato hivyo vya juu vinavyopangika. Ugumu ulikuwa kuvifikia, maadamu katika gesi ya kawaida atomi huenda kwa kasi na molekuli dhaifu huvunjika mara inapogongwa.

Njia ilifunguka pale wanasayansi walipofaulu kupoza atomi kwa miale ya leza hadi karibu na sufuri kamili, yaani nyuzi 273.15 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi.

Mnamo 1995, kundi la Randall Hulet katika Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, Marekani, lilitumia leza mbili kupima kidato cha mwisho cha lithiamu-7. Leza ya kwanza iliziunganisha atomi zilizokuwa zikikutana. Molekuli zilizotokea hazikudumu, na atomi zake zikatoroka kutoka mtego uliozishikilia, hivyo idadi ya zilizosalia ikapungua.

Kisha leza ya pili ilimulikwa, na masafa yake yakabadilishwa polepole. Yalipolingana barabara na kidato kilichotafutwa, atomi zilizokuwa zikipotea zikawa chache. Tofauti ya masafa ya leza hizo mbili ndiyo iliyoonyesha kina cha kidato hicho: mitetemo bilioni 12.47 kwa sekunde, takriban sehemu moja kwa 800 ya kina cha kisima chote.

Kipimo hicho kina uzito mkubwa, kwa kuwa mahali kilipo kidato cha mwisho ndipo panapoamua tabia ya atomi baridi zinapogongana. Kikiwa chini kidogo tu ya mdomo, atomi huwa kana kwamba zinasukumana. Na iwapo kisima kinakaribia kupata kidato kimoja zaidi lakini hakijakipata, huvutana. Lithiamu-7 ilibainika kuwa ya kundi hili la pili.

Matokeo yake yalionekana katika hali ya mata iliyotabiriwa na Albert Einstein, ambapo atomi baridi kupindukia hutenda kama kitu kimoja. Hali hiyo ilipatikana mara ya kwanza mnamo 1995, na Eric Cornell, Carl Wieman na Wolfgang Ketterle wakatuzwa Nobel mnamo 2001. Ilhali Ketterle alikusanya hadi atomi 500,000 za sodiamu, nadharia ilionyesha kuwa katika mtego wa Houston atomi za lithiamu zisingepita takriban 1,400 kabla ya mvutano kuziporomosha. Majaribio yaliyochapishwa 1997 yaliafikiana na nadharia hiyo.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Sesiamu, ambayo tangu 1967 ndiyo kipimo cha sekunde kwa mitetemo 9,192,631,770, ina kidato kilicho karibu mno na mdomo wa kisima. Kwa sababu hiyo atomi zake baridi huathiriana vikali zinapogongana, na mapigo ya saa zinazozitumia husogea kidogo. Wataalamu hawana budi kulipima kosa hilo na kulirekebisha. Rubidiamu haisumbui kwa kiwango hicho.

Aidha, vidato hivi vinaweza kusogezwa kwa sumaku. Ni kwa ujuzi huo ambapo kundi la Rudolf Grimm mjini Innsbruck, Austria, lilifaulu mnamo 2002 kuifikisha sesiamu katika hali ile ya Einstein, baada ya wengine kujaribu bila mafanikio.

Mnamo 2008, kundi la Deborah Jin na Jun Ye mjini Boulder, Marekani, lilitumia sumaku kuunganisha atomi za potasiamu na rubidiamu kwa kiungo dhaifu, kisha kwa leza mbili likazishusha molekuli hizo hadi kidato cha chini kabisa bila kuzipasha joto. Bila kujua kidato cha juu kilipo, safari hiyo ya kushuka isingepata pa kuanzia.