Malaria: vimeng'enya ambavyo kimelea anavyo na mwanadamu hana

Malaria bado inaua watoto wengi nchini Kongo, hasa wale wa chini ya miaka 5. Ngambo ya mpaka wa mashariki, Rwanda na Uganda, watafiti wamekwisha kugundua vimelea vinavyoanza kuzoea artemisinini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Ndiyo sababu silaha nyingine inatafutwa.

Moja imo ndani ya kimelea mwenyewe. Ana kifuko kidogo kiitwacho apikoplasti. Humo, vimeng'enya 7 vinapokezana kazi ya kutengeneza isoprenoidi, na bila hizo kimelea anakufa. Mimea na bakteria wengi wanatumia njia hiyohiyo. Mwili wa mwanadamu una njia yake nyingine, kwa hiyo dawa inaweza kumpiga kimelea bila kuzuia kazi hiyo kwa mgonjwa.

Mwaka 1999, kundi la Hassan Jomaa huko Ujerumani lilionyesha kwamba antibiotiki ya fosmidomisini inafunga kimeng'enya cha pili na kuponya panya wenye malaria. Ilipojaribiwa kwa watu Gabon, vimelea vilipungua haraka, lakini kwa wengi vilirudi. Ikachanganywa na klindamisini. Hata hivyo, Msumbiji, watoto wengi wa chini ya miaka 3 hawakupona kabisa.

Utafiti unaendelea. Kwa sasa, mtoto mwenye homa apelekwe upesi kituo cha afya, apimwe, na amalize dawa zote alizoandikiwa. Kuziacha katikati kunampa kimelea nafasi ya kurudi.